Mahali Ambapo Hakuna Anayekujua: Tafakari kwa Wanaoanza Mwaka wa Kwanza



Vijana wenzangu, kila mwaka vyuo vinapokaribia kufunguliwa, kati ya Oktoba na Novemba, napata ujumbe mwingi kutoka kwa wadogo zangu wanaoanza mwaka wa kwanza. Maswali mengi ni yale yale. Hosteli zinapatikanaje? Bumu linaingia lini? Nije na godoro au nitalikuta huko? Misa ya chuoni ni saa ngapi? Hayo najibu kwa dakika mbili. Lakini mwaka huu binti mmoja aliniuliza swali ambalo sikuweza kulimaliza kwenye simu. Aliandika hivi: "Kaka, huko niendako hakuna anayenijua. Je, ni dhambi nikianza kuwa mtu mwingine?"

Nimekaa na swali hilo siku kadhaa. Kiukweli ni swali kubwa kuliko linavyoonekana, na nadhani si la huyu dada peke yake. Naomba tulitafakari pamoja, polepole.

1. KENGELE IMENYAMAZA

Wiki ya mafunzo elekezi ina kelele nyingi. Unapanga foleni ya usajili na bahasha yako ya kaki: vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha kuzaliwa, fomu ya daktari, picha ndogo za pasipoti. Unatafuta jengo ambalo kila unayemuuliza anakuonyesha upande tofauti. Mnakaa ukumbini mnaelezwa habari za maktaba, za mikopo, za kanuni za mitihani, na kwamba mtu anaweza kula supu au hata kudisko. Wenyeji wengi hawajarudi bado. Chuo kizima kimejaa wageni watupu, kila mmoja anajifanya anajua anakokwenda.

Yote hayo mtaelezwa. Kuna jambo moja ambalo halimo kwenye ratiba: ile kengele imenyamaza.

Aliyesoma bweni au seminari ananielewa. Kulikuwa na kengele ya saa kumi na moja alfajiri, kengele ya sala, kengele ya prepo, kengele ya kulala. Kulikuwa na mwalimu wa zamu. Aliyesoma kutwa naye alikuwa na kengele yake: mama anagonga mlango, "Amka, leo Jumapili." Mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo anamuuliza baba, "Mbona kijana hatumwoni siku hizi?" Kwa miaka kumi na tisa au ishirini umeishi mahali ambapo ukikosekana, unaulizwa.

Chuoni hakuna atakayekuuliza. Usipokwenda Misa Jumapili ya kwanza, Jumatatu jua litachomoza kama kawaida. Ukirudi chumbani saa nane usiku, rumeti wako atageuka upande wa pili aendelee kulala.

Ndipo linapokuja swali ambalo kila mmoja wetu lazima alijibu mwenyewe: kama wema wangu ulisimamiwa na kengele, ulikuwa wema wangu au wema wa kengele?

Swali hili lina umri wa zaidi ya miaka 2,300. Mwanafalsafa Plato, katika kitabu chake kiitwacho Jamhuri, anasimulia habari za mchungaji mmoja aliyeitwa Gige. Huyu aliokota pete ya ajabu. Akiigeuza kidoleni, haonekani. Mtu aliyekuwa anachunga mifugo kwa utulivu akaingia ikulu, akamtongoza malkia, akamuua mfalme, akachukua ufalme. Anayeisimulia hadithi hiyo anauliza: je, yupo mtu ambaye angevaa pete ile na bado akabaki mwadilifu? Au sote tunatenda mema kwa sababu tu tunaogopa kuonekana?

Mdogo wangu, chuo kinakupa pete ile bure, tena wiki ya kwanza. Tofauti ni moja tu. Gige hakuonekana na mtu yeyote. Wewe utaonekana na maelfu, lakini hakuna anayekujua. Na hiyo ni hatari zaidi kidogo, maana wakati hakuna anayekujua, wote wanakutazama, na wewe unatamani wakupende.

2. KUANZA UPYA SI DHAMBI

Kabla sijaendelea, nataka kuwa mkweli. Wahubiri wengi wakizungumza na vijana wa chuo huwa wanaanza na kuishia na neno moja: "Msibadilike! Kaeni kama mlivyotoka nyumbani!" Mimi siamini kwamba hilo ndilo jibu la Kanisa.

Wapo watu ambao walikotoka walibandikwa jina lisilo lao. "Yule mtoto wa mlevi." "Yule aliyerudia kidato cha nne." "Yule mpole asiyeweza kusema mbele za watu." Mtu kama huyo anaposhuka stendi na begi lake akajua hakuna anayelijua lile jina, anahisi kama ametuliwa mzigo. Je, tumwambie aubebe tena? Hapana.

Mungu mwenyewe ni Mungu wa kuanza upya. Alimbadilishia Abramu jina akawa Abrahamu. Yesu alimtazama Simoni akamwita Petro. Sisi wenyewe katika Ubatizo tulizaliwa upya. Kwa hiyo ukifika chuoni ukaamua kwamba sasa utasema mbele za watu, utajifunza kucheza gitaa, utaomba msamaha haraka kuliko ulivyozoea, au utaacha tabia iliyokusumbua kidato cha tano na cha sita, usiogope. Hiyo si dhambi, ni neema. Wiki ya kwanza ni wakati mzuri sana wa kuitumia.

Basi shida iko wapi? Nimefikiri sana hapa, na naona tofauti iko kwenye kitu kimoja. Kuna kuanza upya kunakokufanya uwe wa kweli zaidi, na kuna kuanza upya kunakohitaji uongo ili kusimama. Mtu mpya wa kweli hahitaji kulindwa. Kinyago kinahitaji kulindwa kila siku, na gharama ya ulinzi wake inapanda.

Kuna kisa nitawasimulia. Mwenyewe ameniruhusu, ila jina, chuo na mkoa naviacha.

3. "NIMETUMWA"

Binti mmoja alifika chuo kutoka mkoa wa mbali. Mama yake ni mjane, anauza vitumbua na uji stendi, na kwa vitumbua hivyo amesomesha watoto watatu. Chumbani alikuta wenzake wanne. Usiku wa kwanza wakaanza kuulizana kwao ni wapi na wazazi wanafanya nini. Mmoja baba yake ni mhandisi. Mwingine mama yake ana duka Kariakoo. Zamu yake ilipofika akasema mama yake anafanya kazi wizarani. Neno moja tu. Hakulipanga. Lilimtoka.

Sasa ona kinyago kinavyokula. Siku ya pili aliulizwa wizara gani. Siku ya tatu akaulizwa kwa nini mtoto wa mtu wa wizarani amekuja na shuka moja. Akawa na majibu. Kila jibu lilizaa jingine.

Mwisho wa wiki mama akafunga safari. Alikuwa amesikia kwenye simu kwamba mwanae analala kwa baridi, basi akachukua blanketi, unga, karanga za kukaanga na dagaa, akapanda basi usiku kucha. Alifika getini kwa hosteli asubuhi, amejifunga kitenge, kiroba kichwani. Binti akashuka kumpokea. Wakati wamesimama pale, wenzake wawili wa chumbani wakatokea. Wakasalimia, "Shikamoo mama." Kisha mmoja akamgeukia: "Huyu ni nani?"

Akajibu, "Ni mama mmoja jirani yetu kule nyumbani. Ametumwa na mama."

Mama alisikia. Alimtazama mwanae, halafu akawageukia wale wasichana akatabasamu, akasema: "Ndiyo wanangu. Nimetumwa."

Akakabidhi kiroba. Alipokaribishwa chai akasema basi la kurudi litamwacha.

Huyu dada alinisimulia haya tukiwa tumekaa nje baada ya Misa ya TMCS, na alipofika kwenye lile neno "nimetumwa" hakuweza kuendelea. Aliniambia kwamba kama mama angemgombeza pale getini, angeweza kuvumilia. Lakini mama alichagua kumbeba. Uongo ule aliubeba pamoja na kiroba.

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Zamani nilidhani methali hii inahusu mavazi na ngoma za asili. Siku ile nilielewa vingine. Anayekana alikotoka anakuwa mtumwa kweli, kwa maana kila asubuhi lazima aamke amtumikie yule mtu wa uongo aliyemtengeneza. Kwanza anamdai maneno madogo. Baadaye anamdai mtu. Na mara nyingi mtu wa kwanza kutolewa sadaka ni yule aliyetupenda zaidi. Hata Petro hakupanga kumkana Bwana. Alikuwa anaota moto tu katikati ya watu asiowajua, akaulizwa swali dogo.

Kisa hakikuishia pale, tumshukuru Mungu. Siku chache baadaye alikwenda kuungama. Kisha usiku, taa zikiwa zimezimwa, akawaambia wenzake chumbani ukweli. Kukawa kimya. Halafu mmoja akasema, "Tulijua. Mnafanana mpaka pua." Yaani muda wote ule alikuwa analinda nyumba isiyo na kitu ndani. Alipompigia mama kumwomba msamaha, mama alimjibu kwamba ameshasahau. Mimi nadhani mama hakuwa amesahau. Alikuwa amesamehe tangu getini.

Kwa hiyo dada uliyeniuliza, kipimo cha kwanza ninachokupa ni hiki: yule mtu mpya unayetaka kuwa, je, anaweza kupokea simu ya mama mbele ya marafiki zake wapya, kwa sauti ile ile, kwa lugha ile ile ya nyumbani? Kama anaweza, songa mbele. Kama lazima atoke nje kwanza, simama ujiulize.

4. AGOSTINO NA WAVURUGAJI

Wengine wanadhani haya ni matatizo ya kizazi cha simu. Hapana. Yupo mtakatifu mmoja Mwafrika aliyeyapitia muda mrefu kabla yetu.

Mtakatifu Agostino alizaliwa mwaka 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo uko Algeria. Familia yake haikuwa na pesa za kutosha. Alipokuwa na miaka kumi na sita alikaa nyumbani mwaka mzima bila kusoma, kwa sababu ada ilikuwa bado inatafutwa. Wengi wenu mnaujua mwaka wa namna hiyo. Hatimaye, karibu na umri wa miaka kumi na saba, alikwenda Karthago, mji mkubwa wa bandari, kwa msaada wa tajiri mmoja wa kwao aliyeitwa Romaniano. Yaani alikuwa mwanafunzi wa kufadhiliwa, kutoka mkoani, ameingia jijini.

Katika kitabu chake cha Maungamo anaeleza kwamba huko Karthago kulikuwa na kikundi cha wanafunzi wakongwe waliojiita Wavurugaji. Kazi yao ilikuwa kuwaandama wageni. Walimwona mwanafunzi mpya mwenye haya, wanamdhihaki, wanamtisha, wanacheka. Agostino alikuwa rafiki yao. Anasema aliyachukia matendo yao na hakuyatenda, lakini alitembea nao, na aliona aibu kwamba hakuwa kama wao.

Jamani, tuishie hapo tupumue. Anaona aibu kwa sababu hajafikia ubaya wao! Hii ndiyo hali ya wiki ya kwanza. Wengi hawaanzi kunywa kwa sababu wanapenda pombe. Wengi hawaingii kwenye mahusiano wiki ya pili kwa sababu wamependa. Wanaona haya kuwa pekee yao wasio na la kusimulia. Tumezoea kudhani kwamba aibu inamlinda mtu na dhambi. Agostino anatuonyesha kwamba aibu inaweza kugeuzwa, ikamsukuma mtu kwenye dhambi.

Na kuna jambo jingine hapa, la kimaadili kabisa. Agostino hakumdhihaki mtu. Alikuwepo tu. Je, aliyekuwepo akacheka ana hatia? Nimeona mwenyewe, nikiwa kwenye kamati ya kuwapokea wageni: kijana wa mwaka wa kwanza anasimama ukumbini kujitambulisha, Kiingereza kinamkwama, ukumbi unalipuka kwa kicheko. Yule kijana hakusema tena kitu mbele za watu muhula mzima. Ukimuuliza mmoja mmoja kati ya waliocheka, kila mmoja atakwambia yeye hakumfanyia kitu. Lakini kicheko kile kilitengenezwa na nani? Kilikuwa cha watu mia tatu, na kila mmoja alileta kipande chake.

Mimi naamini Mungu atatuuliza na vile vipande. Usipoweza kuzuia umati, walau ondoa kipande chako. Kisha baada ya hapo mfuate yule kijana, mwambie, "Mimi naitwa fulani. Umeshakula?" Maneno hayo mawili yanaweza kumbakiza mtu chuoni.

5. MEZA YA MFALME

Sasa tumtazame aliyefaulu. Fungua Danieli sura ya kwanza, uisome kama mwanafunzi.

Vijana wanachukuliwa kutoka Yerusalemu, wanapelekwa Babeli. Wanaingizwa kwenye masomo ya miaka mitatu kwa gharama ya mfalme, wafundishwe maandishi na lugha ya Wakaldayo. Wanapewa posho ya kila siku kutoka meza ya mfalme. Wanapewa na majina mapya: Danieli anaitwa Belteshaza. Hebu niambie, hayo si mafunzo elekezi ni nini? Miaka mitatu, chakula na malazi juu ya serikali!

Angalia Danieli anachokubali. Anakubali kusoma. Anakubali lugha ya kigeni. Anavumilia kuitwa jina geni. Hakufika Babeli akajifungia chumbani akisema kila kitu hapa ni cha shetani. Vijana wetu wengine wenye bidii ya dini huwa wanakosea hapo. Wanaogopa kila somo, kila rafiki, kila mjadala, mpaka imani yao inafanana na mgonjwa anayeogopa upepo.

Lakini kuna kitu kimoja Danieli anakikataa: chakula na divai ya mfalme. Na mstari wa nane unatuambia kwamba aliazimia moyoni mwake. Kwangu mimi hilo ndilo la kushika: aliamua moyoni kabla sahani haijawekwa mezani. Hakungoja aone kwanza kila mtu anafanya nini. Ukiingia kwenye sherehe ya kuwakaribisha wageni bila kuamua, ndani mle wataamua wengine kwa niaba yako.

Tena ona anavyokataa. Hapigi kelele, hahubiri, hawatukani wanaokula. Anamwomba mkubwa wake kwa heshima, anamwelewa kwamba naye anaogopa mfalme, kisha anapendekeza jaribio la siku kumi kwa mboga na maji. Ana msimamo, na ana adabu. Na hakuwa peke yake, walikuwa wanne. Nadhani angekuwa mmoja, zile siku kumi zingekuwa ndefu sana.

6. NANI ANATUONA?

Turudi kwenye ile pete. Mkristo anamjibuje Plato? Jibu la haraka ni, "Mungu anaona." Ni kweli. Ila namna tunavyolisema mara nyingi linafanana na kamera ya ulinzi iliyofungwa juu ya mlango wa hosteli. Kama Mungu ni mwalimu wa zamu mkubwa kuliko wote, basi hatujatoka kwenye kengele. Tumebadilisha kengele tu. Na kijana akichoka kuogopa, ataitupa na hiyo.

Katika Biblia yupo msichana aliyempa Mungu jina la "anayeona." Ni Hagari, katika kitabu cha Mwanzo sura ya 16. Mjakazi, Mmisri, mjamzito, amekimbia nyumba ya bibi yake, yuko jangwani karibu na chemchemi. Hakuna anayemjua pale, hakuna anayemtafuta. Malaika anamkuta, anamwita kwa jina lake, anamuuliza ametoka wapi na anakwenda wapi. Hagari hakuhisi amekamatwa. Alihisi ameonekana, na akamwita Mungu kwa jina hilo akishangaa.

Swali lile lile Mungu anatuuliza sisi wiki ya kwanza: umetoka wapi, na unakwenda wapi? Ukiweza kuyajibu yote mawili bila uongo, uko salama hata jangwani.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 16, unafundisha kwamba dhamiri ni patakatifu pa ndani kabisa, ambapo mtu yuko peke yake na Mungu na anaisikia sauti yake. Namba inayofuata inasema juu ya uhuru: hadhi ya mtu inadai atende kwa kuchagua mwenyewe, akisukumwa kutoka ndani, si kwa kulazimishwa kutoka nje. Kumbe Kanisa lilijua kwamba ipo siku kengele itanyamaza. Lilitaka inyamaze! Kengele ilikuwa mti wa kuegemeza mche. Mche ukikua, mti unaondolewa, ili ijulikane kama kuna mizizi.

Kwa hiyo usiulaumu uhuru wa chuo. Ndiyo mara ya kwanza Misa unayokwenda itakuwa Misa yako. Jumapili ile ya kwanza, ukiamka mwenyewe, ukauliza njia mwenyewe, ukakaa kwenye benchi kati ya watu usiowajua, utakuwa umempa Mungu kitu ambacho hukuweza kumpa ulipokuwa unagongewa mlango.

7. ONA, AMUA, TENDA

Mliokuwa YCS mnaikumbuka njia hii, tuliyorithi kwa Kardinali Cardijn wa Ubelgiji. Tuitumie.

ONA. Jioni ya siku ya kwanza au ya pili, kaa dakika kumi ujiulize: leo nimesema nini juu yangu ambacho si kweli? Nimecheka nini ambacho hakikupaswa kuchekwa? Uongo wa siku moja unafutika kwa sentensi moja: "Jamani, jana sikusema kweli." Wa mwaka mmoja unahitaji machozi.

AMUA. Andika kwenye daftari mambo machache, hata matatu tu, ambayo hayauzwi. Yaandike kabla ya sherehe na kabla ya bumu. Pesa ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, inakuja kwa mkupuo, na mkupuo humfanya mtu ajione tajiri wiki moja. Amua mapema ngapi ni ya chakula, na ngapi, hata kidogo, utamtumia mdogo wako nyumbani.

TENDA. Siku ya kwanza chumbani, sema kwa utulivu, "Mimi ni Mkatoliki, Jumapili huwa naenda Misa." Ukilisema mapema linakuwa habari ya kawaida. Ukilificha, baadaye linakuwa ungamo. Rumeti wangu wa kwanza alikuwa Mwislamu kutoka Tanga. Kila alfajiri aliamka kuswali, bila kuona haya na bila kunisumbua. Kumwona yeye kulinipa nguvu ya kutoa rozari yangu mezani. Tuliheshimiana mpaka tulipomaliza, na hadi leo tunatakiana Idi na Noeli.

Wala usidharau chumba. Mwaka 1529, jijini Paris, vijana wawili wa miaka ishirini na mitatu, Petro Faber na Fransisko Ksaveri, waliletewa mwenzao mpya chumbani, mtu mzima wa karibu miaka thelathini na minane. Alikuwa Inyasi wa Loyola. Faber alimsaidia masomo, naye akamsaidia Faber mambo ya roho. Ksaveri alichelewa, alikuwa anaota vyeo. Lakini tarehe 15 Agosti 1534 wote watatu, pamoja na wenzao wanne, waliweka nadhiri pale Montmartre. Leo wote watatu ni watakatifu. Hakuna anayejua ataletewa nani chumbani.

Neno kwenu mnaoendelea, mwaka wa pili na kuendelea. Wageni hawa tumekabidhiwa. Kuna kaka zetu wanaobeba mabegi ya mabinti wiki ya kwanza wakiwa na hesabu zao kichwani. Mnajuana. Huo si ukarimu, ni uwindaji, na anayemtumia mtu kwa sababu ni mgeni anamtumia yule aliyesema katika Mathayo 25 kwamba alikuwa mgeni. Mpokeeni mtu, mwonyesheni kanisa, zahanati na mgahawa wa bei nafuu, kisha mwacheni awe huru.

TUOMBE

Ee Mungu unayetuona, ulimwita Hagari kwa jina lake jangwani. Utuite nasi kwa majina yetu katika foleni, ukumbini na vyumbani mwetu. Utupe ujasiri wa kuanza upya bila kumkana mtu. Uwabariki mama na baba zetu waliouza, waliolima na waliokopa ili tufike hapa. Pale ambapo hakuna anayetujua, utufanye tuwe watu wale wale unaowajua wewe. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Maria, Kikao cha Hekima, utuombee.
Mtakatifu Monika na Mtakatifu Agostino, mtuombee.